RAV4 ya zamani inaingiza maji mbele kushoto na kwenye buti, mipira ya milango imechoka, nianzie wapi?

Mdau wa Chanika

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenye uzoefu na hii kitu. Nina RAV4 ile wanayoiita Kilitime, ya mwaka 2002, milango mitano, nimeinunua mkononi kwa mtu. Kiangazi chote gari ilikua haina neno, masika ilivyoanza hapa Dar ndo nikajua nilichonunua. Ikinyesha usiku, asubuhi ukikanyaga kapeti mbele upande wa abiria maji yanapanda mpaka kwenye soli ya kiatu, na nyuma kwenye buti ukinyanyua lile kapeti unakuta maji yametuama kwenye vishimo vya bati. Vioo vinakua na ukungu kwa ndani lazima nifute na kitambaa ndo nitoke getini. Harufu ya uvundo imeshakua ya kudumu na mwanangu ana pumu kwahiyo sitaki kabisa aivute hiyo hewa kila siku anavyopelekwa shule.

Nilienda gereji moja fundi akaangalia kwa macho tu akasema mipira yote ya milango imekufa, nunua yote minne pamoja na wa nyuma. Na kweli mipira imelala, kona za juu imepasukapasuka, nikifika spidi 80 mlango wa dereva unapiga mluzi. Kabla sijanunua nikaenda kwa fundi mwingine yeye akasema tatizo ni kioo cha mbele, akapaka silikoni nyeupe kuzunguka kioo chote nikamlipa, mvua iliyofata maji yakaingia vilevile.

Sasa sijui nimuamini nani. Je mipira ya milango kweli inaweza kuleta maji mengi hivyo mpaka miguuni kwa abiria? Na kama ni ya kubadilisha ninunue used za Japan au ile ya mita inayouzwa Kariakoo? Gari inalala nje chini ya mti wa mkungu, uwanja una mteremko kwahiyo pua inaangalia juu. Natanguliza shukrani.

Bodi na Rangi Ilala

Mkuu pole sana. Kwanza kabisa usinunue mpira hata mmoja mpaka ujue maji yanapita wapi, maana hao mafundi wote wawili wamekutibu bila kupima. Maji kwenye gari yana tabia moja, yanaingia juu huko, yanatembea ndani ya nguzo au juu ya bati chini ya kapeti, halafu yanajionyesha sehemu nyingine kabisa ambapo hakuna tundu lolote. Ndo maana mtu anaziba pale anapoona maji na maji yanaendelea.

We umeshataja kitu chenyewe bila kujua, umesema gari inalala chini ya mkungu. Fungua boneti uangalie lile kava la plastiki jeusi chini ya waipa, lile lenye matobo kama chujio. Chini yake kuna mfereji wa bati unaopokea maji yote ya kioo cha mbele, na una matundu ya kutolea maji kushoto na kulia, yanashuka nyuma ya madigadi ya mbele yanatokea karibu na hinji za milango. Majani ya mkungu ni mapana na magumu, yakioza humo yanageuka tope yanaziba lile tundu, mfereji unajaa, na maji yakifika juu yanapata mlango mwingine wa kupita ambao ni ile njia ya hewa inayoingia kwenye feni. Kwenye gari zetu za usukani wa kulia feni iko kushoto chini ya dashibodi, kwahiyo maji yanamwagika moja kwa moja miguuni kwa abiria. Ni kwenye kapeti lako hapo hapo! Ukiwasha feni ukasikia kama kuna kitu kinachemka au inakwaruza hiyo ishapata maji.

Na usilichukulie poa, Toyota nyingi kompyuta ya injini imekaa nyuma ya glavu boksi upande huohuo. Nimeshaona gari zinakuja zinasumbua gia na taa ya injini inawaka, mtu ameshabadilisha plagi na sensa, tukifungua glavu boksi soketi za waya zimeota kijani kwa kutu ya maji.

Jinsi ya kufungua: weka kipande cha selotepu kwenye kioo kuonyesha waipa zimelala wapi ili ukirudisha zikae palepale, fungua nati za mikono ya waipa, toa klipu, nyanyua kava taratibu maana plastiki ya miaka 20 imekua kavu inavunjika. Toa uchafu kwa mkono usisukume ndani na maji, ukisukuma ndo unapigilia tope kwenye tundu. Ukishatoa yote mimina maji jagi moja kila upande uchungulie chini kama yanatoka nyuma ya matairi ya mbele pande zote mbili.

Halafu swali, hiyo silikoni wakati anapaka ilikua inanuka kama siki?

Dada wa Bukoba

Kaka naongezea hapo maana huku kwetu Kagera mvua haina msimu sana, gari yenye tundu utaijua mapema. Mimi yangu ni RAV4 pia na maji yalikua yanakuja kwenye kapeti karibu na kizingiti cha mlango, nikabadilisha mpira wa mlango mpya kabisa na maji yakaendelea. Fundi mmoja mzee ndo akanifungulia paneli ya ndani ya mlango akanionyesha.

Kumbe mlango wenyewe umetengenezwa maji yaingie ndani yake, yanapita pembeni ya kioo kwenye ule mpira mwembamba wa nje, yanashuka ndani ya mlango yanatokea kwenye vitundu vya chini. Kinachozuia yasije kwako ni ile nailoni iliyobandikwa kwenye bati la mlango na gundi nyeusi inayonata. Gari yangu ilishawekewa spika mpya na fundi redio alichana nailoni nzima akaiacha inaning'inia, sasa maji yakigonga mota ya kioo na spika yanakuja upande wa ndani. Tulikata nailoni nzito mpya tukabandika na utepe wa butili (ule laini unaonata wa kuzibia maji) pande zote, chini tukahakikisha ncha inaingia ndani ya mlango ili maji yadondokee humo, na vile vitundu vya chini tukavizibua na kijiti vilikua vimejaa udongo.

Kwahiyo jiulize kama gari yako ilishafunguliwa milango, spika, mota ya vioo, loki, chochote. Gari ya mkononi lazima kuna mtu alishafungua.

Mtwana wa Likoni

Salaam ndugu zangu, mimi niko Mombasa na nataka kumuuliza huyu ndugu kitu kimoja kabla hajaanza kung'oa. Hayo maji ya mbele yanakuja siku ya mvua peke yake ama hata siku ya jua kali ukiwa umewasha AC? Kwa sababu huku pwani hewa ina unyevu mwingi, AC inatoa maji mengi sana, na yale maji yana kijibomba chake cha raba kinachotokea chini ya gari upande wa abiria. Kijibomba kikiziba na matope ama mdudu akijenga humo, ama ile kona ya raba ikichomoka kwenye sanduku la AC, maji yote yanamwagika kwenye kapeti la kushoto, yaani palepale pako. Ni maji safi, baridi, hayana rangi wala harufu.

Kupima ni rahisi sana, siku isiyo na mvua washa AC robo saa gari imesimama halafu angalia chini. Ukiona hakuna tone linadondoka na joto hili la kwetu basi kijibomba kimeziba. Kuzibua usitie waya mgumu, pulizia hewa kidogo kutoka chini na usiweke presha yote ya kompresa utakuja chomoa bomba kwa ndani.

Na gusa hayo maji. Yakiwa yanateleza vidoleni, yana rangi ya pinki ama kijani na harufu tamu, hapo ni radieta ndogo ya hita imetoboka na si mvua kabisa. Ila kama umekua ukitia maji ya bomba kwenye radieta hutaona hiyo rangi, utaona maji yamekua kahawia ya kutu, kwa hivyo angalia pia kama kiwango kwenye tangi la akiba kinashuka.

Mdau wa Chanika

Wakuu mbarikiwe sana. Nimefanya yote leo tangu asubuhi na shemeji yangu.

AC iko sawa, maji yanadondoka vizuri chini. Radieta haijapungua. Ila nilivyofungua kava la chini ya waipa nilishangaa, majani ya mkungu yameoza yamekua kama udongo wa kupandia, kungu kavu zimekaa pale pembeni na upande wa kushoto tundu halionekani kabisa. Nimetoa karibu nusu ndoo. Nilivyomimina maji kulia yanatoka, kushoto yalikua yanakaa tu mpaka nikaingiza kidole nikatoa kizibo cha tope ndo yakashuka kwa nguvu nyuma ya tairi. Nimemimina tena maji mengi, shemeji yuko ndani na tochi ameshusha glavu boksi, hakuna tone. Kwahiyo mbele naona nimeshapata. Na ndio hiyo silikoni ilinuka siki kali.

Buti bado. Tulimwagia maji tukaona yanaingia sehemu mbili, kona ya juu kushoto ya mlango wa nyuma, na nyuma ya taa ya kushoto kuna mstari wa maji unashuka kwenye bati. Na mlango wa nyuma ukiufungua nusu ukaunyanyua upande wa kitasa unacheza juu chini. Hapo ndo mipira au?

Bodi na Rangi Ilala

Safi sana, umefanya kazi ambayo gereji nyingi hawaifanyi. Sasa tuende nyuma.

Mlango wa nyuma wa RAV4 hizi unafunguka pembeni, hinji ziko kulia, na umebebeshwa tairi la spea. Miaka 20 ya barabara zetu uzito wote ule unaning'inia kwenye hinji mbili, pini na bushi zinalika, mlango unashuka upande wa kitasa. Ukifunga, loki inaung'ang'ania katikati lakini kona ya juu inabaki na nafasi, mpira haukandamizwi. Na gari yako inalala pua juu, maji yote ya paa yanarudi nyuma yanapita hapohapo. Ukiweka mpira mpya kwenye mlango uliolegea hinji utakaa muda kidogo halafu nao utalala vibaya.

Pima hivi: chukua chaki ya shule upake kwenye mpira mzunguko mzima, funga mlango kawaida, fungua. Bati linalokutana na mpira litakua na alama ya chaki, pale ambapo hakuna alama mpira haugusi. Halafu chukua noti au kipande cha karatasi, bana na mlango kisha vuta, ikitoka bila kugoma hapo hapabani. Zunguka kila kona, na milango mingine minne ufanye vilevile, utashangaa mipira mingine iliyolala bado inabana vizuri haina haja ya kubadilishwa. Huo mluzi wa mlango wa dereva nao utaujua hapohapo.

Kwenye mlango wa nyuma utoe kwanza tairi la spea, hinji zifungwe bushi au zibadilishwe, halafu ndo ulegeze kile chuma cha kwenye bodi ambacho loki inakikamata ukisogeze kidogo kwa ndani. Kabla ya kulegeza kichore na penseli kuzunguka ujue kilikua wapi. Sogeza kidogo sana, funga, pima na karatasi, sogeza tena. Wenye haraka wanakisogeza chote halafu mlango unafungwa kwa kupigiza.

Taa sasa. Toa taa ya kushoto, nyuma yake kuna sponji nyembamba, kwenye gari ya 2002 hiyo imeshakua kavu kama mkate wa juzi. Ikwangue yote, safisha bati na plastiki kwa spiriti, zungusha utepe wa butili bila kuacha pengo, rudisha taa ukaze nati kwa kupokezana kidogo kidogo, ukikaza nati moja mpaka mwisho unapasua taa. Usipake silikoni hapo maana siku unabadilisha globu utalia. Na toa ya kulia pia uangalie, zina umri mmoja.

Kuhusu silikoni ya siki kwenye kioo: itoe. Ile inatoa asidi wakati inakauka na kwenye bati lenye mkwaruzo inakula mpaka kutu, tena gundi halisi ya kioo haishiki juu ya silikoni, kwahiyo siku kioo kikihitaji kubandikwa upya fundi atapata kazi kubwa. Kwangua na kisu cha plastiki, sugua na spiriti. Halafu pima kioo kwa maji ya taratibu. Kama hakivuji kiache kilivyo.

Lendi Arusha

Mimi wa Land Rover 110 ya zamani na kwenye mambo ya maji sisi tumesoma sana. Kitu cha kwanza ambacho wengi wanakosea ni kumwagia maji kwa presha ya kuoshea gari, ile itapenya hata kwenye mpira mzima na itakudanganya. Tumia hozi ya kawaida bila kubana mdomo, maji yatiririke tu. Anzia CHINI halafu panda juu polepole, kaa dakika kadhaa kila sehemu, mwenzako yuko ndani na tochi. Ukianzia juu maji yanateremka yanalowanisha kila kitu hutajua ni wapi pamevuja.

Kwetu sisi ugomvi ni vile vijimlango vya hewa chini ya kioo cha mbele, vina sponji zake zikichoka miguu yote inalowa, na ule mpira kati ya fremu ya kioo na bati la mbele. Lakini kanuni ni ileile kwa gari yoyote. Na juu ya paa msisahau, pale zilipofungwa keria, shina la antena, na mifereji ya pembeni ya paa yenye lile ganda jeusi la mpira, chini yake kuna gundi ya kiwandani ambayo ikipasuka maji yanashuka ndani ya nguzo. Wenye gari za paa la kufunguka mara nyingi wana vijibomba vinne vya kutolea maji, kimoja kila kona, vinazibuliwa kwa mshipi mnene wa kuvulia samaki, waya wa chuma unatoboa.

Mama Wawili Tegeta

Naomba kuuliza hapohapo samahani mleta mada. Mipira yangu haijapasuka ila imekua migumu na asubuhi milango inanata. Kijana wa kuosha magari huwa anaipaka oili chafu au mafuta ya mgando anasema ndo inalainika. Ni sawa?

Spea Gerezani

Dada mwambie aache leo. Mipira ya milango ya gari nyingi imetengenezwa kwa raba aina ya EPDM, hiyo inavumilia jua, mvua na joto miaka mingi lakini mafuta ya petroli na jamii yake yote ni adui, na hapo naweka oili, grisi ya kawaida, dizeli na hayo mafuta ya mgando pia. Mwanzo inaonekana imelainika inang'aa kweli, kumbe inavimba, baadaye inalegea na kukatika. Oili chafu ndo mbaya zaidi maana inashika mchanga na mchanga unasugua mpira na rangi ya gari kila unapofunga mlango.

Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, pitisha kitambaa mpaka kisitoke cheusi, acha ukauke. Halafu paka grisi ya silikoni, ile ya kupaka sio ya kuzibia, kidogo sana kwa kidole. Ukikosa nunua gliserini duka la dawa, ni nzuri kwa mpira na haina shida. Fanya kabla ya masika na kabla ya vuli.

Sasa mleta mada swali lako la used au ya mita. Mimi nauza zote mbili kwahiyo nakwambia bila upendeleo. Ule mpira wa gari yako una sehemu mbili, chini kuna mdomo wenye chuma ndani unaobana ukingo wa bati, na juu au pembeni kuna bomba laini lenye uwazi ndani ndo linalokandamizwa na mlango. Wa kiwandani unakuja umeshafinyangwa kona, kila mlango na wake, kushoto na kulia havibadilishani. Wa mita ni mnyoofu, kwenye kona kali unajikunja na pale pale panaacha njia ya maji, na mara nyingi bomba lake ni nene kuliko la kwako kwahiyo mlango unakua mgumu kufunga, watu wanapigiza mpaka vioo vinalegea. Kwa milango yenye kona za mviringo ukipata wa mita uliolingana unene unafaa, ila njoo na kipande cha mpira wako wa zamani tulinganishe mdomo na bomba, usije na picha ya simu.

Used kutoka Japan ni mzuri kama hauna mikunjo. Ufinye bomba kwa vidole uachie, ukirudi juu haraka mzima, ukibaki umelala uache dukani. Pindua angalia ule mdomo, chuma kikiwa na kutu umeshaisha. Na uliofungwa kwenye rundo ukakunjwa kunjwa usichukue hata kama bei ni ya kutupa, ile alama ya mkunjo haitoki. Mpya wa kiwandani unaagizwa kwa namba ya chasisi, bei imesimama lakini kwa mlango wa nyuma wenye tatizo mimi ningekwambia hapo ndo utoe hela, milango mingine used inatosha.

Kufunga: usivute mpira wakati unauweka. Watu wanauvuta ili ufike, wiki kadhaa baadaye unajirudi na kuacha pengo kwenye maungio. Anza na kona, ukandamize kwa kiganja, kama kuna ziada isambaze kidogo kidogo, gongea na nyundo ya mpira. Maungio yakae chini katikati, kamwe yasikae juu.

Kijana wa Mbeya

Kama pesa haijakaa sawa kuna njia ya muda, mpira uliolala lakini haujachanika unaweza kuingiza kimrija chembamba laini cha raba ndani ya lile bomba lake, unapitisha na maji ya sabuni mpaka kinaenea ile sehemu iliyolala, mpira unanyanyuka. Nilifanya mlango wa dereva wa Carina yangu na mluzi uliisha kabisa. Kisiwe kinene tu.

Mdau wa Chanika

Hapo nimeelewa vizuri. Chaki imeonyesha milango mitatu inabana yote, wa dereva haugusi kona ya juu nyuma, na wa buti ndo kama mlivyosema. Kwahiyo badala ya mipira mitano nanunua mmoja mpya wa nyuma, wa dereva nitajaribu hicho kimrija kwanza, na hela iliyobaki inaenda kwenye hinji. Sasa kapeti la mbele nimelinyanyua lipigwe na jua lakini chini yake kuna kitu kama godoro bado kinatoa maji ukikikamua. Nikiacha milango wazi juani siku mbili litakauka?

Bodi na Rangi Ilala

Halitakauka, na hapo ndo uvundo wako ulipo, kwa mtoto mwenye pumu hapo usifanye nusu nusu. Lile godoro chini ya kapeti linashika maji muda mrefu sana, juu unagusa pakavu chini bado bwawa, na bati linakula kutu taratibu bila wewe kuona. Toa siti za mbele na kapeti lote litoke nje ya gari. Kabla ya kugusa siti chomoa waya hasi wa betri na usubiri, Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90, maana zile soketi za njano chini ya siti na pembeni ni za mifuko ya hewa na mikanda, hazichezewi zikiwa na umeme. Usizipime na mita wala taa ya kupimia.

Kapeti lioshe na sabuni, lisuuze, lianike limesimama upande ili maji yashuke, likitokea jua la kweli siku kadhaa litakua tayari, ila godoro likishaanza kumeguka au lina madoa meusi ya ukungu likate utupe, utaweka jipya la kuzuia kelele la madukani. Bati lililokua chini yake lisugue na brashi ya waya penye kutu, futa vumbi, paka praima ya kuzuia kutu halafu rangi yoyote, haionekani hapo. Chomoa na chujio la AC kama gari yako inalo, liko nyuma ya glavu boksi, lililolowa halifuliwi linabadilishwa.

Usirudishe kapeti mpaka mvua kubwa moja ipite au uimwagie gari maji ya kutosha na bati likabaki kavu kote, maana kulirudisha halafu kulitoa tena ni kazi. Na chini ya sakafu utakuta vifuniko vya raba vya mviringo vimeziba matobo ya bati, ukivitoa ili maji yatoke hakikisha unavirudisha vyote, vilivyokakamaa nunua vingine, bila hivyo ukipita kwenye dimbwi maji yanaingia kwa chini.